Ushauri Usiojua Mgonjwa Yuko Wapi

Wanaopima ubora wa habari za afya kwenye intaneti wana vipimo vyao, na vipimo hivyo vimekwisha kukomaa. Mwaka wa 1997 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilipendekeza kwamba kila ukurasa wa afya uonyeshe mambo manne: nani ameandika na ana sifa gani, anayoyasema ameyatoa wapi, aliyaandika lini, na nani analipia ukurasa huo. Miaka miwili baadaye watafiti wa Oxford walichapisha dodoso liitwalo DISCERN, lenye maswali 16, kila swali likipewa alama kati ya 1 na 5, ili kupima kama maelezo ya tiba yanamsaidia mgonjwa kuchagua. Huko Geneva, shirika la Health On the Net liligawa nembo yake kwa tovuti zilizotii kanuni zake hadi lilipofunga milango mwishoni mwa 2022. Vipimo vya namna hii vimetumiwa kwenye kurasa za Kiarabu zinazowaeleza wagonjwa habari za meno na fizi, na picha inayojitokeza mara kwa mara ni ileile: kurasa nyingi hukosa jina la mwandishi, vyanzo au tarehe, na mwenye ukurasa mara nyingi ni kliniki inayouza tiba inayoisifu. Kiarabu si lugha ndogo. Wasemaji wake wanahesabiwa kwa mamia ya mamilioni, kina vyuo vya udaktari wa meno Cairo, Baghdad na Riyadh, na Ghuba haijakosa pesa za kujenga tovuti. Kama huko hali ni hiyo, mtu atasema, basi Kisii na Nyamira, kaunti zetu za Gusii katika Nyanza, magharibi mwa Kenya, tusitarajie kitu.

Nadhani mtu huyo anakata tamaa kwa sababu isiyo sahihi. Funzo la Kiarabu ni kwamba wingi wa wasemaji, maprofesa na fedha havizai habari nzuri vyenyewe, na kwa hiyo uchache wa vitu hivyo hauwezi kuwa ndio kizuizi kikuu huku kwetu. Habari ya afya huwa nzuri pale mtu mwenye jina anapowajibika kwa msomaji anayemjua: anakunywa maji gani, magonjwa gani yanazunguka eneo lake, na tiba gani anaweza kuifikia kabla jua halijatua. Maswali manne ya JAMA yanautazama ukurasa peke yake. Ukurasa unaweza kuyajibu yote manne kwa ukamilifu na bado ukampoteza mama wa Ekerenyo. Kwa ajili ya Gusii ningeongeza swali la tano na kuliweka mbele ya mengine yote: je, ushauri huu unajua msomaji yuko wapi?

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka wa 2015, ulioongozwa na Wizara ya Afya, ulikuta dalili za ugonjwa wa fizi kwa karibu watu wazima wote waliopimwa, asilimia 98 hivi, na meno yaliyotoboka kwa thuluthi moja yao. Makadirio ya wakati huo yaliweka daktari mmoja wa meno kwa Wakenya wapatao 42,000, na madaktari wenyewe wamesongamana mijini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kwa idadi hiyo, kati ya siku jino linapoanza kuuma na siku mgonjwa anapokalia kiti cha daktari hupita wiki, wakati mwingine miezi, na muda huo hujazwa na maji ya chumvi, karafuu, vidonge vya kemisti, maoni ya jirani, na sasa simu. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba Wakenya waliotumia intaneti, kuanzia umri wa miaka mitatu, walikuwa asilimia 22.6 tu. Takwimu hii humpotosha mtu kirahisi. Habari ya mtandaoni haimtaki kila mtu awe na bando lake: kijana mmoja hutazama video, akaisimulia mezani kwa Ekegusii, lugha ya Gusii, na nyumba nzima ikaipokea. Kufikia hapo jina la daktari limedondoka, tarehe imedondoka, na nchi aliyokuwa akiizungumzia imedondoka pia. Kilichobaki ni amri: paka hiki, usitumie kile.

Mfano ulio wazi zaidi ni floraidi. Kwenye Kiswahili cha mtandaoni onyo dhidi ya floraidi ni jepesi kulipata, na mara nyingi ni onyo la kweli kabisa kwa watu walioandikiwa. Kaskazini mwa Tanzania, katika wilaya zinazozunguka mlima Meru, kuna mito na visima ambavyo floraidi yake imewaacha watu wazima na meno ya kahawia tangu utotoni. Mto Maji ya Chai ni maarufu kwa hilo. Kwetu Kenya, miamba ya volkano ya Bonde la Ufa hufanya vivyo hivyo kwa visima vingi vya Nakuru na Naivasha, ambavyo hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ule utafiti wa 2015 uliona madoa ya floraidi kwa watoto wapatao wanne kati ya kila kumi. Anayeandika Arusha au Nakuru kwamba mtoto asizidishiwe floraidi anatimiza wajibu wake. Lakini wastani wa taifa si maji ya mtu yeyote. Gusii ni nchi ya mvua, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya watu wake huteka kwenye chemchemi na vijito vinavyoshuka kuelekea Gucha na Sondu. Maji ya aina hiyo hayakai ndani ya mwamba muda mrefu kama maji ya kisima kirefu. Mwenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine apeleke maji yake yakapimwe, hilo halina mjadala. Mama anayeteka chemchemini, akisikia onyo la Arusha kisha akaitupa dawa ya meno yenye floraidi na kununua ile iliyoandikwa kuwa haina, amemvua mwanawe kinga kuu ya bei nafuu aliyokuwa nayo. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi, ya kiwango cha sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni (ppm), katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha ileile yenye dawa za malaria na kifua kikuu. Ushauri unaomfaa mama huyu ni mfupi: soma namba kwenye boksi, mtoto wa chini ya miaka mitatu umwekee kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na umfundishe kutema. Kisha aongezewe jambo ambalo hakuna ukurasa wa Marekani utakaomwambia, kwamba katika eneo la majani chai kama Kebirigo na Nyansiongo tatizo la kikombe si chai, ni vijiko vya sukari, na ni idadi ya vikombe kuanzia asubuhi hadi usiku.

Hapa mtu anaweza kusema kwamba nimechagua mfano unaonifaa, kwa kuwa floraidi inajulikana kuwa jambo la mahali. Basi tuchukue uvimbe wa taya. Kurasa nzuri za Ulaya, zenye majina, vyanzo na tarehe, zitasema kwamba mtoto aliyevimba shavu na jino lake linalegea yaelekea ana jipu la jino, na mara nyingi zitakuwa sahihi. Lakini mwaka wa 1958 daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alieleza saratani ya watoto wa Afrika inayoanza mara nyingi kwenye taya, inayolegeza meno na kukua kwa kasi ya kutisha. Mwaka wa 1961 alizunguka kwa gari kutoka Afrika Mashariki hadi kusini akichora ramani ya mahali inapotokea, na akaona kwamba karibu na ikweta ugonjwa huo hupungua sana juu ya mita 1,500. Baadaye ilieleweka kwamba mwinuko ulikuwa ukionyesha malaria, na kirusi kilichopatikana katika sampuli zilizotoka Uganda mwaka wa 1964, kile cha Epstein na Barr, kikakamilisha maelezo. Sasa itazame ramani ya kwetu. Mji wa Kisii uko juu ya kiwango hicho. Ukishuka kuelekea Migori na Homa Bay unaingia chini yake, na familia za pande zote mbili huleta wagonjwa wao katika hospitali ileile ya rufaa ya Kisii, iliyoanza katika Vita Vikuu vya Kwanza kama hospitali ya askari. Kwa mtoto wa miaka sita kutoka nyanda za chini, uvimbe wa taya unaoongezeka siku hadi siku, na meno kadhaa yanayocheza bila kutoboka, haufai kungojewa nyumbani kwa vidonge. Saratani hii husikia dawa ikiwahiwa. Ukurasa wa London hauna sababu ya kuitaja. Ukurasa wa Nyanza usioitaja umepungukiwa na kitu kikubwa kuliko tarehe.

Kuhusu tiba, upotofu unakuja kwa njia nyingine. Kinachojaa mtandaoni katika lugha zote, Kiarabu kikiwemo, ni tiba ya mtu mwenye pesa: meno ya kupandikizwa, vifuniko vyeupe, kung'arisha, kunyoosha kwa vifaa visivyoonekana. Anayetafuta habari ya jino lililotoboka anakuta mlango wa duka. Akizoea kuona hivyo, mgonjwa wa Ogembo hujenga hesabu yenye majibu mawili tu: tiba ya laki moja, au kung'oa. Katikati ya hayo mawili kuna tiba ambazo huzisikii, na mojawapo ilizaliwa hapahapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake walianzisha Tanzania namna ya kuziba jino bila umeme wala mashine: sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, na tundu linajazwa saruji maalumu ya meno inayoshika jino na kutoa floraidi kidogokidogo. Shirika la Afya Duniani lilianza kuinadi njia hiyo mwaka wa 1994, na mwaka wa 2021 saruji yenyewe, pamoja na dawa ya fedha na floraidi inayopakwa kuzuia tundu lisiendelee, ziliingia katika orodha ileile ya dawa muhimu. Dawa hiyo ya fedha huacha doa jeusi, na mzazi anastahili kuambiwa mapema. Hakuna anayepata faida kubwa kwa kuzitangaza tiba hizi, na ndiyo maana hazitangazwi. Mtu akiuliza kwa nini habari isiyo na mdhamini inayumba, jibu liko hapo: kilicho cha bei nafuu hakina bajeti ya matangazo.

Na kuna vidonge. Video nyingi humwelekeza mwenye maumivu kwenye amoksilini na metronidazoli, na kemisti hawabishani na mteja. Jino linalouma kwa sababu kiini chake kimewaka, bila uvimbe wala homa, halitibiwi na antibiotiki. Maumivu yakipungua ni kwa sababu kiini kinakufa au kwa sababu ya dawa ya maumivu iliyotolewa pamoja. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kiliandika mwongozo kuhusu hilo mwaka wa 2019, kikishauri dhidi ya matumizi hayo katika hali nyingi ambapo tiba ya jino lenyewe inapatikana. Maneno hayo ya mwisho yana uzito kwetu. Mwongozo wenyewe unakiri kwamba jibu hubadilika pale daktari hayupo karibu, na anayeunakili Nyamira bila kusema daktari yuko wapi, siku gani, ameukata kichwa. Kinachopaswa kujulikana kwa kila nyumba, kama inavyojulikana namna ya kumpoza mtoto mwenye homa, ni dalili za kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza kwa shida, kupumua kwa shida, homa kali. Orodha hiyo ni fupi. Inaweza kusemwa kwa Ekegusii katika nusu dakika.

Pingamizi la kwanza litakuja kutoka kwa wasomi, na lina nguvu: kwa nini tujisumbue? Huduma ya afya ya Uingereza ina kurasa bora za meno, zimeandikwa kwa Kiingereza chepesi, na Kenya inafundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza. Asiyekijua, mashine itamtafsiria. Nakubali nusu ya hoja hii. Kuhusu kupiga mswaki mara mbili kwa siku, kupunguza sukari na kuacha tumbaku, fizi za Leeds na za Keroka ni fizi zilezile, na itakuwa upumbavu kuandika upya yaliyokwisha kuandikwa vizuri. Lakini tafsiri hubeba maneno. Haibebi maji, wala mwinuko, wala ratiba ya kliniki. Ukurasa wa Kiingereza unaosema mpigie daktari wako wa meno, ukitafsiriwa kwa Ekegusii fasaha, unazaa sentensi ambayo msomaji wake hana namna ya kuitii. Na Ekegusii, pamoja na wasemaji wake milioni 2.7, ina maandishi machache ya kujifunzia kwa mashine. Mengi yanayopatikana ni ya dini. Mashine iliyolelewa na Biblia inaweza kutoa maneno matamu na kipimo cha dawa kilichokosewa, na utamu huo ndio utakaomfanya msomaji asitilie shaka. Sipingi mashine. Napinga kuipa kazi ya mhariri. Daktari wa meno au ofisa wa afya ya kinywa anayeisema lugha hiyo akiipitia tafsiri na kuweka jina lake chini, mambo hubadilika kabisa.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa vitendo. Wanasema tatizo la Gusii ni uhaba wa madaktari na pesa. Habari hazizibi jino. Ni kweli haziwezi kuziba jino. Hata hivyo hoja hii inageuka ukiifuata hadi mwisho. Pale daktari alipo mtaa wa pili, kosa la mtandaoni husahihishwa kesho yake. Pale alipo mmoja kwa makumi ya maelfu, kosa hilo huishi miezi, na mgonjwa anayefika hatimaye amechelewa na jino limefikia kung'olewa. Uchache wa madaktari unapandisha thamani ya habari sahihi. Tena kuna kada ambayo kurasa za nje haziijui kabisa: maofisa wa afya ya kinywa wa jamii, wanaosomea stashahada katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC, ambao huzuia, husafisha, huziba na hung'oa katika hali za kawaida. Mgonjwa asiyejua kwamba ofisa huyo yupo anasafiri hadi mjini Kisii kumtafuta daktari, au anakwenda kwa mtu wa uchochoroni mwenye koleo. Kama anayo simu, angeweza kuangalia rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, inayoonyesha nani ana leseni ya mwaka huu. Ni habari ya mtandaoni, ni ya Kenya, ina mwenyewe na tarehe, na video zinazofundisha kung'arisha meno kwa mkaa na limau hazina muda wa kuitaja. Limau, kwa vile tumeligusa, ni asidi. Hulainisha gamba gumu la jino, kisha mkaa hulikwangua. Weupe unaoonekana wiki ya kwanza ni gamba linaloondoka na halitarudi.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wazee watasema kwamba watu wa Gusii hawakungoja intaneti kuwa na tiba, na kwamba imani yao iko kwa watu, si kwa vioo. Ushahidi wao upo. Omobari, mpasuaji wa jadi wa Gusii, alifungua fuvu la kichwa na kutoa vipande vya mfupa kwa mgonjwa aliyeumwa na kichwa baada ya kupigwa, na madaktari wa kigeni waliandika kwa mshangao katika karne iliyopita kwamba wagonjwa wengi waliishi. Sina haja ya kuutukuza upasuaji huo. Ulikuwa na hatari zake, na watu wachache wangeuchagua leo. Kinachonivutia ni namna jamii ilivyompima omobari. Ilijua alifundishwa na nani, ilijua boma lake, iliwaona aliowafungua wakitembea sokoni, na ilijua pia waliokufa. Hayo ni maswali ya JAMA yaliyoulizwa bila karatasi, na swali langu la tano ndani yake, kwa sababu omobari na mgonjwa walikuwa watu wa mlima mmoja. Kwa hiyo wazee wanaposema watu huamini watu, hawanipingi. Wanaonyesha kilichokosekana kwenye simu: mtu wa kuuliza akikosea.

Redio ndiyo iliyokaribia zaidi kulijaza pengo hilo. Egesa FM na Minto FM hutangaza kwa Ekegusii, na kipindi cha afya kikimleta daktari wa meno wa kaunti, jina lake linatajwa, kituo chake kinatajwa, na msikilizaji wa Marani au Borabu anapiga simu na kuuliza kuhusu jino la mtoto wake mwenyewe. Kwa kipimo changu, saa moja ya namna hiyo ina ubora kuliko tovuti nyingi zenye picha za kupendeza. Udhaifu wa redio ni kwamba maneno hupita. Anayeumwa saa nane usiku hawezi kukirudisha kipindi cha Jumanne. Hapo intaneti ingefaa kuwa ghala la redio: vipande vya dakika mbili, kimoja kuhusu jipu, kimoja kuhusu dawa ya meno ya mtoto, kimoja kuhusu fizi za mjamzito, kila kimoja kikianza kwa jina la msemaji na tarehe, vikirushwa katika makundi ya WhatsApp ambako habari za nyumba hupita tayari. Sauti ina faida nyingine juu ya maandishi, hasa kwa lugha ambayo wengi huisema vizuri kuliko wanavyoisoma. Wengi wa waliokulia Gusii walisomeshwa kuandika Kiswahili na Kiingereza, na Ekegusii wakaachiwa ya kanisani na nyumbani.

Linabaki swali la nani ataitunza kazi hiyo, kwa kuwa kurasa za miradi huzaliwa na uzinduzi na kufa na bajeti. Afrika Mashariki ina mfano mmoja wa kuangaliwa. Kitabu cha David Werner, Mahali Pasipo na Daktari, kilidumu mikononi mwa wahudumu wa afya wa Tanzania na Kenya kwa sababu kilihaririwa upya, kilichapishwa upya, na kiliandikwa kwa kudhani kwamba msomaji yuko mbali na hospitali. Dhana hiyo moja ilibadilisha kila sentensi. Ukurasa wa meno wa Kisii na Nyamira ungeanzia hapohapo, na haungehitaji kuwa mrefu. Ungesema chemchemi na kisima kirefu havifanani. Ungetaja uvimbe wa taya la mtoto wa nyanda za chini. Ungeeleza kuziba kwa vifaa vya mkono na kusema kituo gani kinaweza kufanya hivyo, siku gani za wiki, kwa bei gani, na bima ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 inalipa nini na hailipi nini. Sehemu ya kitabibu ingedumu miaka kadhaa bila kuguswa. Sehemu ya siku, bei na majina ya vituo ingeoza ndani ya miezi, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: ukurasa unaompeleka mgonjwa kutoka Manga hadi kliniki iliyohamishwa tangu Januari una kosa hata kama kila neno lake la tiba ni sahihi, na wa kulisahihisha ni idara ya afya ya kaunti, kwa sababu ndiyo iliyoihamisha.